Unaumwa, na kazini wanakusubiri

Barua nyingi za karibuni zinauliza kitu kimoja kwa namna mbalimbali: naumwa, niende kazini au nibaki? Hizi hapa chache, na moja ya mwajiri.

Keshia, Kariakoo: Nimekutwa na malaria, nimepewa mseto na ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika, ya siku tatu. Leo ni siku ya pili, homa imeshuka na bosi anapiga simu kila saa. Nirudi?

Usirudi, dada. Maliza siku ulizopewa na umalize dozi. Mseto ni dozi sita ndani ya siku tatu, na homa mara nyingi hushuka kabla vimelea havijaisha mwilini. Wengi wakishajisikia nafuu wanakimbilia kazini, vidonge vya jioni vinabaki kwenye droo, na baada ya wiki chache malaria inarudi. Meza dawa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ifyonzwe vizuri.

Halafu itazame kazi yenyewe. Keshia mwenye mabaki ya homa anahesabu bunda la noti za elfu kumi, akifika arobaini hana uhakika kama thelathini aliipita, anaanza upya. Foleni inarefuka, jioni hesabu haikai, na pengo analipa yeye. Mtumie bosi picha ya ED, kisha lala.

Bodaboda, Mbagala: Mafua yamenishika vibaya. Nisipotoka, tajiri mwenye pikipiki bado anataka hesabu yake ya siku. Nameza piritoni asubuhi naingia barabarani. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Piritoni inaleta usingizi. Ukisinzia sekunde mbili ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inakwenda karibu mita 28 huoni kitu, na nyuma una abiria aliyekuamini. Mafua yenyewe haiyatibu. Inakausha pua tu. Kama ni lazima, imeze usiku unapolala. Mchana panado na maji vinatosha, na homa ikipanda egesha chombo ukapime malaria.

Sitakudanganya kuhusu pesa. Likizo ya ugonjwa ni ya mwajiriwa, na mtu wa hesabu ya siku hana wa kumlipa akilala. Ni dhuluma inayoniuma kila ninaposoma barua kama yako. Unachoweza kufanya ni kuelewana na tajiri sasa, ukiwa na afya: siku ukiugua, deiwaka fulani, kibarua wa siku, mnayemwamini wote wawili anachukua chombo na hesabu inapatikana. Na kama kijiwe chenu kina mfuko wa kuzikana, pelekeni hoja kwamba utoe pia chochote kwa anayeumwa. Tunachangia jeneza haraka kuliko tunavyochangia siku mbili za kupumzika.

Mama lishe, Morogoro: Tumbo linaendesha tangu jana, ila si sana. Nikivaa glavu si naweza kupika?

Hapana, mama. Glavu inashika kila ambacho mkono ungeshika: mfuniko, kitambaa, pesa, sahani. Kaa mbali na chakula cha watu mpaka zipite saa 48 tangu kuharisha kulipokoma, apike mwingine. Wewe kunywa ORS. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au kina damu, nenda kituo cha afya leo hii.

Mwajiri, Arusha: Nina ofisi ndogo ya utalii. Dada mmoja anaomba ruhusa siku moja au mbili karibu kila mwezi. Wenzake wanasema anategea. Nimwandikie onyo?

Usiandike. Kuna wanawake wanaopata maumivu ya hedhi ya kutapika na kuzimia, na baadhi yao wana endometriosisi, ugonjwa unaokaa miaka bila kugunduliwa kwa sababu tangu usichana waliambiwa ni kawaida. Kuna pia wenye selimundu (siko seli), ambao baridi au upungufu wa maji mwilini huwaamshia maumivu makali ya mifupa, na Arusha baridi unaijua. Mwite faragha, muulize nini kitamsaidia. Jina la ugonjwa ni siri yake na daktari wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Anachotakiwa kuleta ni cheti cha daktari. Hata akichukua siku mbili kila mwezi, kwa miezi 36 zinafika 72, bado yumo ndani ya haki yake.

Wanaokutia hasara zaidi huenda ni hao wasiokosa hata siku moja. Mmoja anakuja na homa, anaandika tarehe 12 badala ya 21, wageni wanatua uwanja wa ndege wa KIA hakuna gari. Wiki ijayo ofisi nzima inakohoa. Na afya yake inalipa pia: utafiti wa Whitehall II kwa watumishi wa serikali jijini London, uliochapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba wanaume wenye afya dhaifu ambao hawakuchukua hata siku moja ya ugonjwa kwa miaka mitatu walipata matatizo makubwa ya moyo mara mbili zaidi ya wenzao dhaifu waliopumzika kwa kiasi.

Mhudumu wa hoteli, Mombasa: Nina miezi mitatu kazini. Nikiugua nitalipwa?

Utalipwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 30, inampa aliyetimiza miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara katika kila miezi 12. Toa taarifa mapema, peleka cheti.

Mwalimu, Dodoma: Nakohoa wiki ya tatu sasa. Mitihani imekaribia, siwezi kuacha vipindi.

Mwalimu, kikohozi kilichovuka wiki mbili kinapimwa kifua kikuu, hata kama hujakonda wala hutoki jasho usiku. Kupima na dawa ni bure kwenye vituo vya serikali. Nenda kesho asubuhi, mwenzako akushikie kipindi cha kwanza. Ikiwa ni TB, dawa ni za miezi sita, lakini darasani utarudi mapema zaidi: wengi huacha kuambukiza baada ya wiki mbili hivi za dawa, na daktari atakuambia lini. Ikiwa si TB, mtajie vumbi la chaki, maana pumu nayo hukohoza mtu kwa wiki nyingi.