Shamba linapitiwa na barabara, fidia nadai vipi?

Ndugu yangu, umeuliza kama watakulipa shamba au miti tu. Hapa wengi wanajichanganya, kwetu Zanzibar sheria ya ardhi ya 1992 inasema ardhi yote ni ya umma, wewe unayo haki ya matumizi, lakini nyumba, minazi na mikarafuu uloipanda hiyo mali yako khasa, na Katiba ya 1984 inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia. Basi mthamini akija hesabu nae mti kwa mti, hata mche wa juzi, piga picha, sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa wenu) awepo, na fomu tupu usisaini! Babu yetu alisaini, kalipwa minazi 9 na anayo 31, wallahi mpaka leo inatuuma.