Barua kwa mwanangu aliye Malta

Mwanangu,

Sote tu wazima. Umeniuliza: wenzako wa kazini huko Malta wamejiunga na chama cha kulima bangi, kinachokubaliwa na sheria, je nawe ukijiunga nitakasirika?

Hizo gramu 7 mfukoni na miche 4 nyumbani, ambazo sheria yao yaruhusu, hazikunishtua. Hata hapa Kenya, uchaguzi wa 2022, mgombea urais Wajackoyah aliinadi bangi mchana kweupe, watu wakashangilia, kisha vijana wa maskani wakaendelea kukamatwa kama kawaida. Kilichonikosesha usingizi ni ule mstari wako mmoja, kwamba sheria yao ya 2021 yamruhusu aliyehukumiwa kwa bangi yake ya kuvuta aombe rekodi ifutwe.

Habari ya mjomba wako na msokoto wake wa bangi waijua. Ya cheti huijui, ulikuwa mdogo. Alikuwa keshapata kazi ya upishi melini, sanduku limefungwa, bibi yako kamkaangia visheti vya safari. Kimebaki cheti cha tabia njema cha polisi tu. Kikatoka na kesi yake imeandikwa. Wakala akakisoma, akakikunja palepale kilipokuwa kimekunjwa, akamrudishia bila neno. Visheti tukavila sisi wiki nzima, na hakuna aliyevisifu.

Ndiyo nasema kila siku, nanyi mwanicheka: jina likishaingia polisi halitoki. Kumbe huko latoka! Tena nchi ya Wakatoliki, mashirika ya Kanisa yakipinga. Lakini huko huko ukivuta barabarani wapigwa faini, basi hawajasema ni jambo jema. Wamesema mtu asiharibiwe maisha kwalo. Hilo naliafiki. Naliafiki, halafu namkumbuka mtoto wa jirani aliyeanza na kimsokoto na leo aongea peke yake sokoni. Lakini yule alikuwa na mengine pia. Na jela ingemponya?

La chama sisemi ndiyo wala la, na Mungu ajua ulimi waniwasha. Umeshakuwa mtu mzima. Ila kibali chako cha kazi ni cha mgeni, na ukija likizo kagua mifuko ya koti kabla ya kupanda ndege, maana huku jina likiingia polisi halitoki.

Hiyo sheria ya kufuta rekodi nitumie yote. Mjomba wako ameshaniuliza kama Kenya nayo itakuja.

Mamako