Mnahama mkoa na watoto? Anzeni kupanga usiku wa kwanza

Familia ikipata habari za kuhama mkoa, akili zote hukimbilia kwenye kuondoka. Mnatafuta gari, mnakusanya maboksi, mnaaga majirani, mnalipa madeni ya dukani kwa Mangi. Kufika kunaachwa kujipange kwenyewe, na huko ndiko watu wanakoumia. Nimeona wanandoa wakigombana vibaya mbele ya watoto saa nne usiku, kwenye nyumba isiyo na balbu, kwa sababu hakuna aliyejua shuka ziko boksi gani.

Sisi tulitoka Dar es Salaam kuja Mbeya baada ya mume wangu kupata uhamisho wa kikazi. Ni barabara ya zaidi ya kilomita 800, na tulikuwa na watoto watatu, mama mkwe mwenye presha, na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Kabla ya safari, mama mmoja aliyewahi kuishi Iringa alinishika mkono akaniambia: "Mwanangu, vitu vya usiku wa kwanza vipande basi na nyie. Gari la mizigo si la kuliamini hata kama dereva ni ndugu yako." Nilimsikiliza, na namshukuru mpaka leo.

Fuso letu lilitangulia asubuhi, sisi tukapanda basi Mbezi. Tulipofika mlima Kitonga tulikuta foleni, lori limekufa kwenye kona, magari yanapishana kwa zamu. Basi lilipita. Fuso, ambalo tulikuwa tumelipita Ruaha Mbuyuni dereva akila, lilikwama nyuma mpaka kesho yake. Tukafika Mbeya usiku, mwezi wa sita, mikono inatetemeka kwa baridi, na nyumba tupu kabisa. Lakini kwenye buti la basi tulikuwa na begi moja kubwa la shangazi kaja na mkeka uliokunjwa. Ndani ya begi: mablanketi manne, soksi na masweta ya kila mtu, balbu mbili, sufuria moja, vikombe, kisu, sabuni, toilet pepa, mishumaa, kiberiti, chaja, unga wa uji, sukari, dawa za mama mkwe, panadol, na kufuli jipya la mlango. Jirani alituona tukihangaika na taa ya simu, akaja na chupa ya chai na jiko la gesi la kuazima. Watoto walikunywa uji, wakalala wote kwenye mkeka mmoja juu ya blanketi, na bibi yao katikati. Hakuna aliyelia usiku ule, na najua sababu ni lile begi.

Kwa hiyo kabla hujafunga boksi hata moja, kaa na mwenzio muulizane: tukifika usiku na gari la mizigo halipo, tutalala juu ya nini, tutajifunika nini, tutakula nini, na mtu wa dawa atameza nini? Majibu yake ndiyo begi lenu. Pamoja nalo uwepo mkoba mmoja usiotoka mkononi: vyeti vya shule na vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, kadi za kliniki za watoto, kadi za bima, mikataba, hati. Karatasi hizo zisipande fuso hata siku moja.

Nyumba itangulie mizigo. Mmoja wenu aende kwanza, hata kwa siku mbili, na kama haiwezekani mtume ndugu mnayemwamini apige simu ya video akiwa ndani ya nyumba yenyewe, afungue bomba mkiona maji, awashe taa, aonyeshe njia ya kuingilia. Usitume kodi ya miezi sita kwa dalali kwa kuona picha tu. Mwenye nyumba afahamike, na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aulizwe kama ndiye kweli. Mbeya ni mji wa milima na makorongo. Ziko nyumba nzuri sana ambazo fuso haifiki getini, na masika yakishika hata bajaji inagoma. Ukijua mapema, unapanga vijana wa kubeba na bei mnapatana mchana. Usipojua, mnapatana usiku wakati huna sauti. Uliza pia habari za LUKU: mita ni ya kwenu peke yenu au mnachangia na wapangaji wengine, na kuna deni? Nunua umeme kidogo uone unakatwa nini, maana tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo. Na kule mnakotoka, wiki za mwisho nunueni umeme kidogo kidogo, kwa sababu uniti zilizobaki kwenye mita mnamwachia anayeingia.

Kuhusu gari, hapa kuna pesa ya kuokoa. Mbeya inalisha Dar. Kila siku malori yanashuka na viazi, mchele na ndizi, na mengi yanatafuta mzigo wa kupandia. Ukienda kwenye masoko kama Mabibo au Tandale ukaulizia gari la kurudi, utapata bei tofauti kabisa na ya mtu anayekodi fuso ya kwenda tu. Masharti yake ni kwamba lazima ulione gari lenyewe kabla. Lililobeba ndizi huwa limelowa sakafu, kwa hiyo tandika turubai chini kabla ya kupakia, na lingine juu, hata kama jua linawaka, maana jua la Chalinze halikuambii lolote kuhusu mvua ya Mafinga. Piga picha namba ya gari na leseni ya dereva, andikishianeni orodha ya vitu, lipeni nusu mnapopakia na nusu mzigo ukishashuka. Namba ya utingo nayo uwe nayo, kwa sababu dereva akiendesha hapokei simu, na ni vizuri asipokee. Mwombe mwenyekiti wa mtaa mnakotoka awaandikie barua kwamba ni vyombo vya nyumbani vya familia inayohama. Mkiwa na fanicha mpya za mbao, mbebe na risiti. Njiani kuna mizani na vizuizi, na karatasi moja yenye mhuri inamaliza maelezo mengi.

Magodoro yapakiwe mwisho ili yashuke kwanza. Kitanda kikifunguliwa, misumari na nati zake ziingie kwenye mfuko mdogo ubandikwe kwa selotepu kwenye mbao za kitanda hicho hicho. Usiku ule mtashukuru. Friji isafiri imesimama, na ikishuka iacheni itulie masaa kadhaa kabla ya kuiwasha. Juu ya boksi andika chumba linakokwenda katika nyumba mpya, kwa herufi kubwa, vijana wanaoshusha wasome wenyewe bila kukuuliza.

Sasa jambo ambalo naomba ulisome polepole kama unahamia Mbeya, Njombe, Iringa au sehemu yoyote ya baridi ukitokea pwani. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na mtoto aliyezaliwa Temeke hajawahi kukutana na kitu kama hicho. Wageni wengi hufanya kinachoonekana cha akili: wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha na mlango, wanalala. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Haikukohozi, haikuamshi. Unaanza kuumwa kichwa, unasikia uchovu, unadhani ni safari, unalala na huamki. Familia nzima zimekufa hivyo. Hata makaa yaliyobaki mekundu kidogo chini ya majivu bado yanaua. Kwa hiyo jiko likimaliza kupika litoke nje, kabisa, na mwambie hivyo binti wa kazi, mwambie bibi, waambie watoto wakubwa, usidhani wanajua. Jirani wa jirani akikwambia "sisi tunafanya hivyo kila mwaka", mshukuru na utoe jiko lako nje.

Baridi inashindwa kwa njia nyingine. Tandika blanketi moja chini ya shuka na lingine juu, kwa sababu baridi nyingi inapanda kutoka kwenye godoro. Soksi na kofia za kulalia. Chupa ya maji ya moto, ifungwe vizuri na kuzungushiwa khanga, iwekwe miguuni kwa mzee. Masweta usiyanunue yote Dar. Soko la Mwanjelwa lina mitumba mizito ya kila saizi na wenyeji wanajua lipi la kuchukua. Mafuta ya kujipaka yawe mazito, ngozi za watoto hupasuka wiki ya kwanza. Na usishangae maharage yakichelewa kuiva: huku juu maji huchemka kwenye joto dogo kuliko la pwani, basi loweka usiku kucha. Vyandarua msivigawe. Mtashuka Kyela siku moja, na kule joto na mbu ni wa pwani kabisa.

Shule ndiyo inayopaswa kuamua tarehe, kama mwajiri anawapa nafasi ya kuchagua. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake ya PREM kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, na uhamisho hupitia humo. Mwalimu mkuu wa shule mnayotoka na wa mnayokwenda wote wana kazi ya kufanya. Anzeni mapema, na hakikisheni shule mpya ina nafasi kabla ya kuchukua barua ya shule ya zamani. Mwenye mtoto wa darasa la nne au la saba awe makini zaidi, kwa sababu mtoto akishasajiliwa kwa mtihani kituo kimoja, kumhamisha katikati ya mwaka kunampa mzigo asiostahili. Likizo ya Juni inaonekana nzuri, ila ndiyo baridi kali. Mimi ningemshauri mtu Desemba: kuna mvua na tope, lakini mtoto anaanza Januari pamoja na wenzake, siti zote ni mpya, urafiki unaanza upya kwa kila mtu.

Na watoto waambiwe. Wasisikie ukweli kupitia maboksi. Wa mwisho wetu alikaa kimya siku nzima tulipomwambia, usiku akauliza: "Sasa babu akija kututafuta, atajuaje tumehamia wapi?" Babu yake yuko Tanga. Tukampigia palepale, tukampa simu amweleze mwenyewe: mtaa, rangi ya geti, jina la shule. Babu akamwambia: "Andika, nami naandika." Baada ya hapo ni yeye aliyekuwa anawatangazia majirani kwamba tunahama. Mtoto anataka kuwa na kazi katika safari, mpe. Yetu ilikuwa kila mmoja abebe begi lake la mgongoni na achague vitu vyake mwenyewe, bila mtu mzima kumcheka alichochagua.

Kwa wanandoa nina neno moja. Gawaneni maamuzi mapema. Mmoja awe na neno la mwisho kuhusu gari na mizigo, mwingine kuhusu nyumba, chakula na watoto, na siku ile kila mmoja aheshimu eneo la mwenzie. Kama uhamisho unalipiwa na mwajiri, msipange safari kwa kutegemea kwamba posho itakuwa imeingia. Mara nyingi inachelewa, na hasira ya pesa iliyochelewa huangukia watu wa nyumbani ambao hawana kosa.

Wapo wawili wanaosahauliwa katika kila familia inayohama. Wa kwanza ni binti wa kazi. Anaambiwa "tunahama wiki ijayo" kama vile ni kabati. Ana wazazi, ana watu wake, pengine anatuma pesa kwao na kwenda kuwaona sikukuu. Muulize kama anataka kwenda. Ongea na mzazi wake kwa simu, mkubaliane mshahara na nauli ya likizo. Akikataa, mlipe haki yake na umshukuru. Akikubali, mpe sweta na blanketi lake kama watoto wako, na ajue anapolala usiku wa kwanza.

Wa pili ni mzee. Mama mkwe wangu hakulalamika hata mara moja njiani, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Kabla ya kuondoka tulimwomba daktari wake aandike majina ya dawa, vipimo vya mwisho na tarehe ya kliniki inayofuata, tukachukua dawa za mwezi mzima. Wiki ya kwanza Mbeya mume wangu alimpeleka hospitali kufungua faili, kabla hata ya kununua mapazia. Ila presha haikuwa tabu yake. Tabu yake ilikuwa hamjui mtu. Dar alikuwa na jumuiya yake, na wazee wenzake wa kukaa nao barazani jioni. Kwa hiyo tulipokwenda kujitambulisha kwa mjumbe tulikwenda naye, yeye akiwa mbele, na mjumbe akamwamkia "shikamoo mama" na kumuuliza anasali wapi. Jumapili ile ile alikuja mama wa jirani kumchukua. Ukihama na mzee, mtafutie mtu wa rika lake ndani ya wiki ya kwanza, kabla ya intaneti na kabla ya kupanga kabati la vyombo.