Umetundika daluga, umeshika filimbi: utaanzaje?

SWALI: Habari za kazi, walimu. Nimecheza Ligi Daraja la Kwanza hadi goti likanigomea, sasa nina miaka 32. Hapa Masasi nina vijana 24 wa miaka 14 hadi 16 na mipira mitano. Kila nikiwapangia zoezi linavurugika. Nianzie wapi? Na leseni je?
– Msomaji, Masasi

JIBU: Ndugu yetu, tunadhani zoezi linavurugika kwa sababu unafundisha kile ulichokuwa ukikiweza wewe. Wachezaji wastaafu wengi huonyesha mno: mwalimu anapiga pasi safi, vijana 20 wamepanga foleni wakitazama. Kwa dakika kumi kila mmoja anagusa mpira mara tatu. Chandimu la uchochoroni lingewafaa zaidi.

Wagawe makundi manne ya watu sita. Kila kundi lipate mpira mmoja, wa tano uwe akiba. Weka koni, au ndala kuukuu, ziunde mraba wa mita 10 kwa 10. Wanne wapigiane pasi, wawili wakabe. Mpira ukipotea baada ya kila pasi mbili, tanua mraba. Wakabaji wasipougusa kabisa, punguza hadi mita 8. Kazi yako hapo ni kurekebisha nafasi. Kelele waachie watazamaji.

Baada ya robo saa, hamia wanne kwa wanne. Nusu ya uwanja inatosha viwanja vitatu vya mita 30 kwa 20, magoli ya miti yenye upana wa mita 2, bila kipa. Wacheze dakika 4, wapumzike 2, mara nne. Raundi ya tatu miguu ikiwa mizito na pasi zinakwenda ovyo, ongeza mapumziko, usiongeze ukali. Malizia na mechi ya dakika 20.

Ukisimamisha mchezo, sema jambo moja kwa sekunde 20. Badala ya “pasia kulia!”, muulize aliyepoteza mpira alimwona nani kabla haujamfikia. Wewe ulishazoea kugeuza shingo mapema, yeye bado.

Kuanzia Desemba hadi Machi, joto na unyevu wa kwetu si wa mchezo. Anza saa kumi na nusu jioni, maji kila dakika 15.

Leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka Afrika, hupanda hivi: D, C, B, A, kisha Pro. Kwa kawaida huruki ngazi, hata kama ulikuwa nyota pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara. Fuatilia matangazo ya kozi za TFF, shirikisho la soka Tanzania, kupitia chama cha soka cha mkoa, na tunza daftari la mazoezi yako: lengo, vipimo, kilichoharibika.

Usione haya kuanza chini ya mwingine. Selemani Matola, nahodha wa Simba iliyoing'oa Zamalek ya Misri mwaka 2003, amefanya kazi miaka mingi kama kocha msaidizi klabuni hapo.

Goti lako? Mweleze kijana mmoja zoezi, yeye ndiye aonyeshe.