Karani kufika kileleni mwa idara ya usalama: inawezekana

Mkuu, umeuliza kama aliyeanza na ukarani anaweza kuja kuongoza idara ya usalama. Anaweza kabisa. Mtazame Stella Rimington wa Uingereza. Alikuwa mtunza nyaraka, akamfuata mumewe mwanadiplomasia New Delhi, na huko, mwaka 1967, MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, wakampa kazi ya muda ya kupiga chapa. Mwaka 1969, aliporudi London, akaajiriwa rasmi. Enzi hizo wanawake waliachiwa mafaili, wanaume ndio wakiendesha mawakala. Hilo linaniuma hadi leo! Akapanda kupitia vitengo vya kupambana na ujasusi na ugaidi hadi mkurugenzi mkuu, 1992 hadi 1996, mwanamke wa kwanza. Jina lake lilipotangazwa hadharani, waandishi wakaifikia nyumba yake, ikabidi ahame.