Muulize Dereva: "Umefika wapi?"

SWALI: Shikamoo mzee. Mume wangu ni dereva wa Fuso, anabeba viazi kutoka huku Uwemba kwenda Makambako, mara mojamoja anashuka mpaka Dar. Juzi nilipanda naye. Simu haikumtoka mkononi: mara dalali, mara tajiri mwenye gari, mara anasoma WhatsApp yuko kwenye kona. Nikimsema anadai njia ya huku haina magari, si kama mjini. Nimwambieje anisikie?
Mama wa watoto wawili, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Magari ni machache kweli, hapo hajadanganya. Lakini hiyo njia ina watoto wanaotoka shule wakisukumana, ina mzee na baiskeli ya mkaa isiyo na taa, ina ng'ombe, na asubuhi ina ule ukungu wenu wa Njombe. Mjini foleni inakushika macho utake usitake. Shamba unakwenda dakika ishirini hujapishana na mtu, mkono unaifuata simu wenyewe.

Halafu kuna jambo abiria halioni. Milimani mtandao unapotea bondeni, unarudi ukifika juu. Ujumbe wote uliokwama unaingia kwa mkupuo pale kileleni, na gari lenye tani za viazi ndiyo kwanza linaanza kuteremka. Saa hiyo dereva alitakiwa awe ameshapunguza gia, anasikilizia breki. Yeye anasoma bei ya gunia.

Mwaka 2009 nilitoka Singida na vitunguu. Nilipoipita Manyoni njia ilinyooka, nikaandika ujumbe: "Nimepita Manyoni." Maneno mawili. Kuinua kichwa, ng'ombe wamejaa lami, na kijana mchungaji kanyanyua fimbo kana kwamba atalizuia lori kwa fimbo. Nikalipeleka gari porini. Kijana alipona, ng'ombe wawili hawakupona, vitunguu tuliviokota mpaka jua likazama. Baadaye nilipiga hesabu: kwa spidi 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukisoma sekunde tano ni mita 110, zaidi ya uwanja wa mpira goli mpaka goli, na mguu bado haujagusa breki.

Atakwambia atanunua spika za masikioni. Mikono itakuwa kwenye usukani, sawa, ila akili itakuwa sokoni inabishana na dalali. Hiyo kwangu si dawa.

Usimseme yeye peke yake, maana simu hajipigii. Akishawasha gari, simu ikae kwa utingo. Utingo apokee, aseme "dereva yuko kwenye usukani, tukisimama atapiga." Tajiri naye aelezwe hivyo kabla ya safari, tena mbele ya utingo, asije akamfokea kijana wa watu. Wakisimama kupiga, wasimame palipo wazi, si kwenye kona wala kwenye mteremko.

Na wewe usinikasirikie, mwanangu, nikikuuliza: jioni giza likiingia, nani humpigia kumuuliza "umefika wapi?" Ule ujumbe wa Manyoni nilikuwa namjibu mke wangu. Siku hizi kijana wetu naye anaendesha lori, na mama yake akitaka kujua amefika wapi, anampigia utingo.