Setilaiti inaonyesha kijani, je ardhi ya mgodi imepona?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi naishi Pongwe hapa Tanga, nasoma mambo ya mazingira mwaka wa mwisho, nimepewa kazi ya kufuatilia uoto kwenye eneo lililochimbwa makaa ya mawe kule Mbinga, Ruvuma, likafukiwa na kupandwa nyasi miaka miwili iliyopita. Nimeshusha picha za setilaiti naona kijani tupu, yani hadi kinazidi eneo la jirani. Niandike imepona? Nauli ya kwenda huko kila mara sina.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiandike hivyo kwanza.

Setilaiti inapima mwanga tu. Jani bichi linameza mwanga mwekundu na kurudisha ule wa infraredi ambao macho hayauoni, ndo wanachukua infraredi wanatoa mwekundu wanagawa kwa jumla ya yote miwili wanapata NDVI, namba kati ya -1 na 1, udongo mtupu unakaa karibu na sifuri na msitu mzito unapanda hadi 0.8 hivi. Sasa namba hiyo haijui mmea gani ni upi! Nyasi za aina moja zilizotiwa mbolea zinasoma juu, magugu nayo yanasoma juu. Panda hadi msitu wa Amani hapo Muheza uone, ile miti ya misizi ilipandwa na watu ikasambaa ndani ya msitu wa asili, ila kutoka angani kote kijani.

Kwaiyo tafuta kipande cha jirani ambacho hakijawahi kuchimbwa, mteremko uleule, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Na usichague miezi kwa mazoea ya Tanga, sisi tuna masika na vuli, Mbinga mvua ni msimu mmoja, kama Desemba hadi Aprili. Chukua picha za Mei mawingu yakishapungua, alafu za kiangazi, hapo ndo utaona mengi maana udongo mwembamba juu ya kifusi hautunzi maji na nyasi zake zinawahi kukauka. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni bure, pikseli yake (nukta moja ya picha) ni mita 10, ila ukitaka kujua palikuwaje kabla ya mgodi rudi kwenye Landsat, setilaiti za zamani zaidi, pikseli mita 30.

Nauli jibane upate ya safari moja, mwisho wa mvua. Chora mraba wa mita moja kwa mita moja sehemu kadhaa, hesabu aina za mimea, andika udongo ulio wazi ni kiasi gani na kama kuna miche iliyojiotea yenyewe, hiyo miche mi naiamini kuliko picha yoyote. Pima na pH ya udongo (kiwango cha asidi), kifusi cha makaa mara nyingi kina pairaiti, madini ya chuma na salfa, ikikutana na hewa na maji inatoa asidi, unakuta kiraka kipara hakioti kitu. Hapo Pongwe ni kinyume, machimbo ya mawe ya chokaa hayana shida ya asidi, ila kupiga mraba unaweza kujifunzia hapohapo ukiomba ruhusa.

Kuhusu muda, sheria ya Marekani ya 1977 inamtaka mchimbaji wa makaa awajibike na uoto miaka 5 baada ya kupanda, sehemu kame 10. Wewe una miwili. Andika uoto umeanza kushika, kupona bado hakujathibitishwa, na uweke namba za jirani pembeni msimamizi wako azione.